Nyuzi Kumi na Tisa

Mimi Rudramma si mtu wa kukiri makosa ovyo. Waulize walinzi wa getini kwetu. Muulize mpishi wa kantini, aliyewahi kunipakulia mchuzi wa dengu wa jana akaapa kwamba ni wa leo. Lakini hili nitalisema lote, tena kwa mdomo wangu mwenyewe, kabla mtu hajanisemea.

Kituo chetu kiko mashambani, mwendo wa saa mbili na nusu kwa basi kutoka Bengaluru, na kazi yake ni kulisikiliza jua. Jua hutoa mawimbi kama redio, na sisi tuna antena mia moja na ushei zilizopangwa mistari katikati ya karanga na ulezi. Kila antena ina kebo yake, aina ile ile inayoshuka kutoka kwenye dishi kuingia kwenye televisheni ya nyumbani, ila yetu ni nene na ndefu. Ishara zote zinatakiwa ziingie chumba cha mashine pamoja. Kebo moja ikichelewesha ishara yake hata chembe kuliko wenzake, jua litaonekana limehama mahali pake, na wasomi wa mjini wataandika upuuzi.

Na kebo haikai hivyo hivyo. Ikipoa ina mwendo wake, ikipata joto ina mwendo mwingine. Kazi yangu na Nanjundappa ilikuwa kupima huko kubadilika. Mashine hutuma mpigo mmoja, mpigo unakimbia hadi mwisho wa kebo ulioachwa wazi, unagonga, unarudi. Unachukua muda wa kwenda na kurudi, unagawa kwa mbili. Muda wenyewe ni nanosekunde, yaani ichukue sekunde moja uikate vipande bilioni. Tulipima kila robo saa, kebo tano kwa siku, tangu kabla ya macheo hadi saa sita mchana, majira ya baridi yote, kwa sababu ndipo asubuhi huwa na nyuzi joto kumi na tatu na mchana ishirini na nane.

Nanjundappa alisoma kioo cha mashine, akasoma kipimajoto kilicholazwa mferejini pamoja na kebo, akaandika kwenye vikaratasi. Mimi nilinakili kwenye daftari kubwa, nikachora mstari kwenye karatasi ya miraba. Tuligawana hivyo tangu mwaka nilioingia pale, mjane wa miaka ishirini na tisa, sijui hata kushika chuma cha kulehemu. Yeye ndiye aliyenifundisha. Siku ya kwanza nilipojiunguza kidole aliniambia, "Vizuri, sasa umeajiriwa."

Kwetu, sikukuu ya Gauri ikifika, kaka humpelekea dada yake aliyeolewa ungo wenye zawadi, ili ajue kwamba kwao hakujafungwa. Mimi sina kaka, na mjane hapelekewi ungo. Nanjundappa hakuniuliza. Mwaka ule ule alikuja mlangoni kwangu na mkewe Kempamma, ungo mkononi: nazi, manjano, kitambaa cha blauzi, na bangili za kijani. Jirani mmoja akauliza kwa sauti, bangili za mjane ni za nini. Kempamma akamjibu, "Za kuvaa. Wewe zako unazila?" Tangu hapo hawajakosa hata mwaka mmoja.

Sasa sikiliza nilivyomlipa.

Kebo zetu karibu zote zina plastiki ya kawaida ndani. Mbili tu, ya saba na ya nane, ni masalio ya kazi ya zamani, na ndani yake mna plastiki nyeupe pe inayoteleza, ile ile inayopakwa kwenye kikaango ili chapati ya dosa isigande. Majira ya baridi ya mwaka juzi, mistari ya kebo nyingine zote ilikuwa inateremka taratibu kadiri joto linavyopanda. Mistari ya hizi mbili, kwa namba za Nanjundappa, ilifika kama nyuzi kumi na tisa ikaporomoka ghafla, halafu ikaendelea taratibu kama si yenyewe. Nikatazama nikasema moyoni: macho.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Gazeti alishaanza kulishika mbali kwa mkono ulionyooka. Asubuhi moja yenye ukungu aliusalimia mfuko wa saruji uliotundikwa koti la mlinzi, akauuliza na watoto hawajambo, nasi tukacheka mpaka kahawa ikapoa. Na mwaka uliotangulia, mpimaji mmoja wa upande mwingine alikutwa na namba zisizo sawa, akahamishiwa stoo kuhesabu skrubu. Hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Aliitwa "yule wa namba mbovu", hata na wafagiaji. Nilimfikiria Nanjundappa akiitwa hivyo kantini na roho ikaniuma kweli kweli.

Basi nikachukua rula. Nilichora mstari laini pale palipokuwa na poromoko, nikasoma namba kwenye mstari wangu, nikaziandika kwenye daftari kwa wino mweusi na mwandiko mzuri. Vikaratasi vyake nilikwenda navyo nyumbani nikawashia moto wa maji ya kuoga. Nilifanya hivyo majira yale yote, na yaliyofuata pia. Nilijiona mtu mwema. Nilikuwa naoga maji ya moto nikijisifu.

Yeye alikuwa na desturi ya kulifungua daftari kila Jumamosi. Siku moja alilitazama muda mrefu, akaniuliza, "Rudra, Jumatano saa mbili na robo, kebo ya saba, niliandika ngapi?"

"Mia nne sabini na sita nukta moja, kaka."

"Nukta moja?"

"Ndiyo. Kwani uliona ngapi?"

"Aa, basi." Akalifunga daftari. "Nilidhani nimeona mia nne sabini na tano nukta tisa. Labda nilisoma vibaya."

Nilikuwa nimekiona kikaratasi. Kiliandikwa mia nne sabini na tano nukta tisa, na maji ya moto wake nilishayaoga. Nikamwambia, "Umechoka, kaka, kunywa kahawa." Aliniuliza tena wiki nyingine, na nyingine, kisha akaacha kuuliza. Baadaye akaacha kutusomea gazeti kantini. Akauza pikipiki yake ndogo, ile ambayo Jumapili alimpakia Kempamma kwenda mnadani. Na mimi, mjinga wa wajinga, nikaviona vyote hivyo nikasema: si nilisema, macho.

Mwaka huu, siku tatu kabla ya sikukuu ya mavuno ya Sankranti, alinipitia chumba cha mashine amevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Leo soma mwenyewe," akasema. "Nina karatasi ya kupeleka Bengaluru."

"Karatasi gani mpaka pasi?"

"Ya ofisi. Vaa sweta, na usigombane na mashine."

"Mashine haina ugomvi. Wewe ndiye mgomvi wake."

Kwa kawaida angenirudishia. Siku hiyo aligusa tu meza, akaigusa mashine juu, akatoka kwenda kuwahi basi. Nikaona ajabu kidogo, kisha nikaendelea na kazi.

Saa moja na nusu kipimajoto kilisema kumi na sita. Kebo ya saba ikasema mia nne sabini na sita nukta mbili, ikatulia hapo. Saa mbili kasorobo, kumi na saba na nusu, karibu vile vile. Saa mbili na robo, kumi na tisa na kitu kidogo. Nikatazama kioo. Mia nne sabini na tano nukta tisa.

Nilikifuta kioo kwa ncha ya sari. Nukta tisa. Nikapima ya nane. Nayo ilikuwa imeporomoka kama mwenzake. Macho yangu mimi hayana neno, naweza kutunga uzi kwenye sindano nikiwa kwenye basi.

Stoo tunacho kipande cha akiba cha kebo ile ile, mita thelathini. Nilikikunja duara, nikakizamisha kwenye beseni lenye maji yaliyolala nje kwenye pipa, baridi ya kuuma meno, ncha zake zikiwa nje. Nikapima. Nikaongeza maji ya moto ya birika kikombe kimoja kimoja, nikakoroga kwa mkono, nikasubiri, nikapima. Ilipofika kumi na tisa, ikashuka. Kushuka kulikuwa kudogo kwa kuwa kipande ni kifupi, lakini kulikuwapo. Nikamwaga, nikaanza upya, ikashuka pale pale. Nikaweka kipande cha kebo ya kawaida, nacho kikateremka taratibu kama mtoto mwenye adabu. Hapo nikakaa sakafuni kwenye maji niliyomwaga. Plastiki ile ndivyo ilivyo. Namba za Nanjundappa zilikuwa za kweli tangu siku ya kwanza.

Kituoni simu hazitakiwi, maana zinaharibu usikivu wa antena. Tunazizima getini. Nilikwenda mpaka nje ya geti, nikavuka barabara, nikampigia Kempamma.

"Wifi, kaka ameenda Bengaluru kufanya nini?"

"Kwani hujui? Amepeleka barua ya kuacha kazi. Anampa mkubwa wenu leo hii."

"Kuacha kazi kwa nini?"

"Macho, Rudra. Amesema anaona namba zisizokuwapo. Amesema hata wewe unajua, ila kwa heshima humwambii." Nikasikia anavuta pumzi. "Siku hizi nyumbani anatembea amefumba macho. Anajifunza. Anahesabu hatua kutoka mlangoni mpaka kisimani, ili siku yakizimika kabisa asinisumbue. Jana alifika hatua thelathini na mbili bila kushika ukuta, akafurahi."

Kempamma akadhani simu imekatika.

"Mpigie umwambie asiitoe hiyo barua," nikasema mwishowe.

"Simu yake? Lini umemwona ameiwasha?"

Kweli. Miaka yote hiyo ya kufanya kazi mahali pa kuzima simu, Nanjundappa hutembea na yake imezimwa, imefungwa kwenye leso. Nikasimamisha basi la kwanza lililopita, ufunguo wa chumba cha mashine bado ukining'inia kiunoni. Saa mbili na nusu nilizokaa humo sitazisimulia. Nilichokuwa nawaza ni hatua thelathini na mbili tu.

Nilimkuta ofisi kuu, kwenye benchi nje ya mlango wa Daktari Hemalatha, daktari wa elimu si wa dawa, ambaye ndiye mkubwa wetu. Daktari alikuwa ndani kwenye mkutano. Barua ilikuwa juu ya magoti ya Nanjundappa, ameifunika kwa viganja vyote viwili. Nilishukuru miungu yote, hata ile nisiyoielewa vizuri.

"We umefuata nini huku?" akaniuliza. "Nani yuko na mashine?"

"Hakuna."

"Umeiacha peke yake? Na vipimo vya saa tano je?"

"Kaka, nyamaza kwanza nikuambie kitu. Ukitaka kunipiga utanipiga baadaye." Nikakaa kando yake. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ndani ya basi, hata moja halikuja. "Namba zako zilikuwa sawa. Zote, tangu mwaka juzi. Kebo ya saba na ya nane zinaporomoka kweli kwenye kumi na tisa. Nimeona leo. Mimi ndiye niliyekuwa nazibadilisha."

Hakugeuka. "Ulizibadilisha."

"Nilidhani macho yako yamekwisha. Niliogopa wakuite vile wanavyomwita yule wa stoo."

"Na nilipokuuliza?"

"Nilikudanganya."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu, kaka."

"Wewe ni mpimaji, Rudramma," akasema. "Hukuhesabu?"

Hajawahi kuniita jina langu zima. Heri angenipiga.

"Vikaratasi vyangu viko wapi?"

"Niliwashia moto wa maji ya kuoga."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepewa habari ya msiba wa mbali. Kisha akanyanyua uso akatazama ukuta wa upande wa pili. Kulikuwa na kalenda, zile zenye kila tarehe na nyota yake na saa zake mbaya za mkosi, maandishi madogo kama mchele uliovunjika. Kutoka pale benchini akaanza kuisoma. Alisoma jina la mwezi, akasoma tarehe, akasoma saa mbaya za Jumatatu na za Jumanne, akashuka mstari kwa mstari. Kisha akaniambia, "Nenda ukaangalie."

Nikaenda mpaka ukutani, nikaangalia kwa karibu. "Sawa, kaka."

"Na pale chini kabisa pameandikwa mtaa wa mchapaji. Barabara ya tatu, jengo namba arobaini na moja."

"Arobaini na moja. Sawa."

Akasoma kibao cha mlangoni mwisho wa ukumbi. Akasoma namba iliyopakwa rangi kwenye feni ya dari. Kila alichosoma nilikwenda kukihakiki, na kila kimoja kilikuwa sawa, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola ya shati lile la pasi. Karani alitoa kichwa dirishani akatuona, mtu mzima analia na mwanamke anazunguka akisoma kuta, akarudisha kichwa chake ndani.

"Cha karibu tu ndicho kinanipotea," akasema. "Gazeti."

"Hiyo ni miwani ya sokoni, kaka. Kila mtu wa umri wako anayo."

"Nimekuwa nikitembea nimefumba macho nyumbani kwangu."

"Kempamma kaniambia."

"Nimejigonga kwenye kigingi cha ng'ombe mara mbili. Ng'ombe mwenyewe alinihurumia." Akataka kucheka, kikatoka kitu kingine. "Nilikuwa naogopa, Rudra. Nilikuwa naogopa sana, na nilikuwa naogopa peke yangu."

Nilimshika miguu pale pale ukumbini. Nilimwambia nampenda kuliko kaka yeyote ambaye mama yangu angeweza kunizalia, na kwamba nilichomfanyia nilikifanya kwa mapenzi. Akaniondoa mikono taratibu. "Najua ni mapenzi," akasema. "Ungekuwa ubaya ningeugundua."

Mlango ukafunguliwa. Daktari Hemalatha akatoka na miwani kichwani. "Nanjundappa, karani kaniambia una barua yangu."

Akasimama. Aliikunja ile barua mara mbili, akaitia mfukoni. "Hapana, Daktari. Dada yangu ndiye ana la kusema."

Kisha akarudi nyuma hatua moja akaniacha mbele. Hakunisaidia hata neno. Nilisema yote: rula, mstari, vikaratasi, moto, beseni. Daktari Hemalatha alisikiliza amesimama vile vile mlangoni. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu la kitaalamu, kama maji ya beseni niliyakoroga kabla ya kila kipimo. Nikasema niliyakoroga.

"Hiyo plastiki inajulikana kwa tabia hiyo," akasema. "Nimekuwa nikishangaa za kwetu mbona zina adabu. Nikadhani ni za kiwanda tofauti." Akaivua miwani kichwani. "Majira mawili ya baridi, Rudramma. Na jua tulilolichora kwa namba zile lote si sahihi. Utapewa onyo la maandishi, na litaingia kwenye faili lako."

"Ndiyo, Daktari."

"Kazi itarudiwa yote. Nani atasoma?"

"Mimi," akasema Nanjundappa.

"Na nani ataandika?"

Hapo alinyamaza. Nilitazama chini, nikaona bangili zangu za kijani, nikaona na miguu yake katika viatu alivyong'arisha kwa ajili ya kuacha kazi. Ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko safari nzima ya basi. Nilikuwa tayari kwenda stoo kuhesabu skrubu, na kuitwa jina lolote.

"Yeye," akasema.

Tulirudi kwa basi moja. Alikaa dirishani, akasoma vibao vyote vya njiani kwa sauti ya chini, majina ya vijiji, maduka ya mbolea, bei za nyanya. Hakunisemesha mpaka tulipokaribia kushuka, aliponiuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula. Kempamma alikuwa anatungoja na ugali wa ulezi, na kwanza alimkumbatia mumewe, halafu akanigombeza kwa muda wa kutosha kupoza chakula.

Kesho yake alfajiri alikuwa kwenye kiti chake, na mimi kwenye changu na daftari jipya. Nyuzi kumi na tatu. Akatazama kioo, akataja namba, nikaiandika.

"Soma," akasema.

"Nini?"

"Ulichoandika. Nisomee."

Nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kebo inayofuata, akataja, nikaandika, akasema tena, "Soma." Siku ile tulipima mara mia moja na arobaini, na mara mia moja na arobaini aliniambia nisome. Sasa majira ya baridi yameingia tena. Gazeti anatusomea tena kantini, kwa miwani ya sokoni, na ungo wa Gauri ulikuja kama kawaida, bangili zikiwa ndani. Lakini kila namba anayonitajia, mpaka leo asubuhi, bado huniambia niisome. Naisoma.